Daraja Linalosubiri Jua

Mtaa wa Kisimani,
Kata ya Mvungweni
5 Februari 2024

Mwanangu Naima,

Nakuandikia barua kama enzi za marehemu baba yako, kwa sababu simu yako siku hizi inajibu kama mashine. Nilikuuliza daraja letu litafunguliwa lini, ukanijibu, "Tumepokea maoni yako, Mama Mwenyekiti." Mmepokea, wewe na nani? Mie shangazi yako, nimekufulia nepi. Basi nimempa Mwanabaraka barua hii. Kila siku anafuata samaki Kunduchi na kuwauza huko kwenu Mbweni, atakufikishia mkononi.

Mambo yenyewe unayajua, lakini nayarudia, maana nyie watu wa ofisini mkishakiandika kitu kwenye ripoti mnadhani kimekwisha. Daraja lilimalizika kabla ya mwaka mpya. Manispaa walileta chuma na saruji, sie tukachimba na kubeba kokoto. Limetoka zuri, Mwenyezi Mungu anaona. Lakini diwani wenu akaagiza liwekwe geti. Fundi Alfonsi akalichomelea, likatiwa kufuli, na jiwe la uzinduzi likafunikwa kitambaa cha samawati. Tukaambiwa hakuna kuvuka mpaka yeye mwenyewe, Mheshimiwa Apolinari, aje akate utepe.

Tarehe 27 Januari tukamngoja. Watoto waliimba mpaka sauti zikakauka. Pilau ikapoa. Mchana mtendaji wa kata akapigiwa simu: shughuli imeahirishwa. Hakusema kwa nini. Jumatatu yake watoto wakavua viatu, wakashuka mtoni, wakapita chini ya daraja lao wenyewe kwenda shule ng'ambo. Sasa hivi maji yako magotini. Masika ikiingia unaujua mto ule. Kiatu chako cha darasa la tatu kiko baharini mpaka leo.

Wewe ndiye ofisa habari wake. Wewe ndiye unayekaa naye. Nataka tarehe, Naima, sitaki maoni yangu yapokelewe.

Shangazi yako,
Tabu binti Faraji


Mbweni
9 Februari 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua imefika ikinuka kibua. Nimeisomea stoo, nimekalia katoni za fulana zenye picha ya Mheshimiwa.

Kwanza kuhusu simu. Tukiingia ofisini asubuhi tunaziweka simu kwenye kapu mlangoni, na Mheshimiwa mwenyewe huzipitia. Alianza baada ya ile picha yake amesinzia kikaoni, mdomo wazi, kusambaa wasap. Hajampata aliyeipiga. Kwa hiyo ukiniuliza jambo kwenye simu, anayekujibu ni mtu anayejua atasomwa. Barua ni salama zaidi. Endelea kuzileta kwa Mwanabaraka.

Pili, tarehe 27. Sababu ilikuwa jiwe. Fundi wa Temeke alilichonga kwa maelezo ya manispaa: jina la mradi, jina la manispaa, jina la diwani, tarehe, herufi zote sawa. Mheshimiwa alionyeshwa picha ya jiwe hilo asubuhi ile akiwa anavaa. Alikaa kitandani, soksi moja mkononi. Akasema, "Nimeandikwa kama tarehe." Hakutoka tena siku hiyo. Jiwe jingine linachongwa. Jina lake litakuwa juu kabisa, na manispaa chini, kwa herufi ambazo utahitaji miwani kuzisoma.

Najua utakachosema. Nilikuwa mwandishi wa habari miaka mingi kabla redio haijafungwa na kabla hujaniombea kazi hii kwake. Nimeandika habari za wezi wa saruji, wezi wa dawa, wezi wa viwanja. Ningemkuta huyu anaiba ningejua la kufanya. Haibi, Shangazi. Hilo ndilo linalonitatiza. Anatoa hata vya mfukoni mwake. Ila kitu ambacho watu hawajamwona akikitoa, kwake hakijatolewa. Mchana hufunga mlango akaangalia video za mikutano yake. Pakifika penye makofi anarudisha nyuma.

Nimeongea naye kwa namna anayoisikia. Nimemwambia watu wa Kisimani wanamuulizia. Amefurahi. Tarehe ni 24 Februari, Jumamosi, saa nne. Nitaleta fulana. Waambie kinamama wazivae, tafadhali. Wote.

Wako,
Naima


Kisimani
26 Februari 2024

Naima mwanangu,

Marahaba. Poleni sana. Nani amefariki?

Nauliza hivyo kwa sababu sijaelewa. Jumamosi tulijipanga tangu saa mbili. Fulana ulizoleta zilitosha watu wote, na hakuna aliyekataa kuvaa. Watoto mbele, kinamama nyuma, wazee kwenye viti. Jiwe jipya chini ya kitambaa. Saa sita gari likatokea kule juu kwenye mteremko, tukapiga vigelegele. Likaja taratibu, likasimama mbali, mbali kabisa, kwenye duka la mkaa. Tukaona kioo kinashuka. Tukaendelea kupiga vigelegele. Kioo kikapanda. Gari likageuza.

Mtendaji wa kata akaja kutuambia Mheshimiwa amepata dharura. Nikasema kwa mtu kugeuza gari akiwa ameshafika, hiyo dharura ni msiba au ugonjwa. Tukasoma dua pale pale, fulana zetu mwilini. Bi Mkubwa wa nyumba ya pili alilia, akasema kijana wa watu huenda kapoteza mama.

Kwa hiyo naomba uniambie jina tuliweke kwenye dua ya Alhamisi. Na kama ni ugonjwa, uniambie hospitali, nitapeleka uji.

Geti bado limefungwa. Nilijaribu kumuuliza mtendaji kama watu wanaweza kupita wakati tunasubiri. Akasema yeye hana ufunguo, akaniomba nisimletee balaa.

Shangazi yako,
Tabu


Mbweni
1 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Hakuna aliyekufa. Hakuna anayeumwa. Usipeleke uji popote.

Ni kanga.

Nitakuandikia nilichokiona na nilichokisikia, kwa sababu nilikuwa kiti cha nyuma. Badru alikuwa anaendesha. Tulipofika kwenye duka la mkaa Mheshimiwa akamwambia, "Simamisha." Akashusha kioo, akatazama. Kisha akasema:

"Mbona sioni?"

"Hao hapo, Mheshimiwa," Badru akasema. "Wamejaa mpaka barabarani."

"Sisemi wao. Nasema mimi. Mimi niko wapi?"

Badru hakuelewa. Mimi nilielewa baada ya kutazama mara ya pili. Fulana zile ni nyepesi na zinabana, nami niliziagiza bila kufikiria zitavaliwa na akina nani. Kinamama wa Kisimani wamezivaa kama walivyoombwa, kisha kila mmoja akajitanda kanga juu yake, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyofanya akienda mbele za watu. Uso wake ulikuwa kwenye kila kifua na haukuonekana hata mmoja. Watoto waliokaa mbele walikuwa wamekunja magoti, yakaficha vifua vyao.

Akasema, "Wamenifunika." Nikamweleza: ni stara tu, Mheshimiwa, ndivyo wanavyovaa. Akasema, "Watu wote wale wakajifunika kwa bahati mbaya? Yule mwenyekiti wao kawapanga. Tangu siku ya kuchimba msingi walimpigia vigelegele yeye kuliko mimi, nikanyamaza." Kisha akamwambia Badru ageuze. Alipofika nyumbani aliwaambia watu amepata dharura, na nadhani mpaka sasa anaamini ilikuwa dharura.

Hilo la vigelegele nilikuwa nalijua tangu zamani na sikukuambia, nikidhani litapita. Uchaguzi wa mitaa ni mwaka huu na anaona kila mtu anayependwa amependwa kwa mapenzi aliyonyang'anywa yeye.

Sasa masharti. Atafungua iwapo wewe mwenyewe utasoma risala ya wananchi na ndani yake kuwe na aya ya kuomba radhi. Risala nimeiambatanisha. Nakuomba usome tu, Shangazi. Ni karatasi. Mvua imeshaanza kutisha.

Naima


Kisimani
5 Machi 2024

Naima,

Risala nimeipokea. Nimeisoma mara mbili. "Aidha, sisi wakazi wa Kisimani tunatambua kwa unyenyekevu mkubwa..."

Hiyo "aidha" naijua. Ulikuwa unaisema redioni kila usiku saa mbili kasorobo. Nikaenda kabatini, nikatoa risala ya kisima cha mwaka juzi na ile ya madawati. Kila mwaka mtendaji ananiletea karatasi imeshapigwa chapa, ananiambia imeandikwa na kamati, mie nasoma. "Aidha." "Kwa unyenyekevu mkubwa." Kumbe miaka yote hii mtu anajiandikia shukrani kwa mkono wako, anatupa tumsomee, halafu anatokwa na machozi. Na machozi yenyewe ni ya kweli, nilikuwa karibu nikayaona!

Nilimpigia huyu mtu kampeni. Nyumba hadi nyumba, jua kali. Nilisema, ni kijana msikivu. Bibi wee.

Sikulaumu kwa kazi, kila mtu anakula kwa mkono wake. Lakini ungeniambia. Ningesoma kwa sauti nyingine.

Nitaisoma. Nitaomba radhi kwa kuvaa kanga. Nitasema wanawake wa Kisimani tulikosa adabu kwa kujisitiri, na wajukuu zangu watakuwa wanasikiliza. Maji yamefika kiunoni kwa mtu mzima. Mwalimu Kokuberwa, yule binti wa Kihaya anayefundisha darasa la pili, kila asubuhi anatoka ng'ambo anakuja huku, anawabeba wadogo mgongoni mmoja mmoja, akimaliza anaingia darasani na sketi imelowa. Hajaomba kuandikiwa risala.

Mwambie nimekubali. Alete tarehe, aje na utepe wake, afungue. Kanga tutazifunga kiunoni.

Tabu binti Faraji


Mbweni
9 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Ulivyoandika kuhusu risala ni sawa.

Nilimpelekea jibu lako siku ile ile. Alifurahi. Aliniomba nimsomee aya ya kuomba radhi kwa sauti, nikamsomea. Akasema, "Unaona? Mtu ukimpa nafasi ya kujirekebisha." Akasema tufungue kesho yake. Mimi nikaanza kupiga simu.

Saa moja baadaye alimwita Anwar, kijana wa video, kujadili kamera. Anwar, kwa uaminifu wake, akamwonyesha picha alizompiga wiki hii siku ya mawingu. Mheshimiwa alizitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Hapa ninatoka kama kivuli." Anwar akasema ni hali ya hewa, mkuu, jua likiwepo utang'aa. Basi. Amri iliyotoka ni kwamba daraja litafunguliwa siku ya jua.

Nikamkumbusha kuwa hii ni Machi. Nikamwambia daraja limejengwa kwa ajili ya mvua. Aliniangalia kama niliyesema kwa Kichina. Nikaona niseme wazi: Mheshimiwa, mtoto anaweza kuchukuliwa na maji. Hapo akanyanyuka, macho yakamng'aa, nikadhani nimempata. Akasema:

"Ndicho ninachosema mimi! Fikiria hiyo picha, Naima. Nimemshika mtoto mkono, namvusha. Jua limewaka nyuma yetu. Mama yake anafuta machozi."

Nikamuuliza, na mpaka jua litoke, watoto wavukeje?

"Watu wa Kisimani wameyazoea maji."

Kila asubuhi sasa anasimama barazani na kikombe cha chai anatazama angani. Anamuuliza Badru, "Unaonaje?" Badru anajibu, "Kuna dalili, Mheshimiwa." Nimemuuliza Badru kwa nini anamdanganya. Akasema, "Sista, ukimwambia hakuna jua anakuuliza wewe umelifanyaje."

Nimejaribu pia kumtisha kwa diwani wa kata jirani, kwamba anafungua kalavati lake wiki hii na atampiku. Nilidhani wivu utamsukuma. Ameamua jiwe liongezewe picha yake. Limerudishwa Temeke.

Ramadhani Kareem mapema. Waambie watoto wasivuke bila mtu mzima.

Naima


Kisimani
14 Machi 2024, asubuhi

Naima,

Leo Mwalimu Kokuberwa ameanguka. Alikuwa na mtoto mgongoni, mjukuu wa Bi Mkubwa. Maji yamewapeleka mpaka kwenye matete. Mtoto alimshikilia nywele hakumwachia, na ndicho kilichomponya. Mwalimu mwenyewe mguu umevunjika. Tumempakia kwenye bajaji kupeleka hospitali, analia kwa maumivu na anauliza kama wale wengine wamefika darasani. Yote haya yametokea chini ya daraja. Ukisimama pale mtoni ukiinua uso unaliona lile tumbo la zege, halijakanyagwa na mtu.

Vijana wamemfuata Alfonsi aje na mashine akate geti alilolichomelea mwenyewe. Alfonsi yuko tayari, ila anataka niseme mimi. Mtendaji anasema ni mali ya umma, likikatwa mwenyekiti ndiye atakayeshitakiwa na nafasi yangu imekwisha. Nafasi yangu sio ishu. Lakini najua itakavyokuwa. Likikatwa, huyo mtu atalia kwamba tumemfanyia uasi, atalifunga kwa ukuta, na safari hii atakuwa na sababu ya kuwaambia watu.

Nimewaomba vijana wasubiri mpaka kesho asubuhi. Niambie kitu kimoja tu. Ufunguo ana nani? Kama ni mtu wa manispaa nitakwenda kumlilia. Kama ni Badru nitamwendea. Nipe jina.

Mwanabaraka anasubiri jibu, hatauza samaki leo.

Shangazi


Mbweni
14 Machi 2024, mchana

Shangazi,

Ninao mimi.

Uko ndani ya bahasha hii, umefungwa kwa kipande cha utepe. Nilikabidhiwa Januari pamoja na mkasi na sahani ya kuwekea mkasi, kwa ajili ya siku ya uzinduzi. Umekaa kwenye mkoba wangu tangu siku hiyo. Nilipokuwa nakuandikia kuhusu soksi na kanga na mawingu, mkoba ulikuwa kwenye goti langu. Nilijiambia si wangu, nimepewa kuutunza tu.

Mpe Alfonsi autolee nakala leo. Huu unirudishie kwa Mwanabaraka kesho, kwa sababu siku yoyote anaweza kuuliza. Fungueni asubuhi watoto wakienda na mchana wakirudi. Kitambaa kisiguswe. Badru atampigia mwanao gari likielekea huko, ili mfunge.

Nitakwenda hospitali kumwona Mwalimu. Niandikie wodi.

Naima


Kisimani
25 Machi 2024

Naima,

Umeikosa sherehe yako. Nilikutafuta kwa macho, Badru akaniambia umeachwa ofisini kwa sababu ulitaka kumvalisha Mheshimiwa miwani ya jua na akasema unamfunika macho. Wewe nawe.

Kwa hiyo nakuandikia taarifa, kama ulivyokuwa unanifanyia.

Jumamosi jua lilitoka. Badru akampigia mwanangu, tukafunga geti, watoto waliokuwa wameshavuka kwenda tuisheni wakabaki ng'ambo, waliokuwa huku wakabaki huku. Matarumbeta yakaja. Tulikuwa na swaumu, lakini tukajipanga. Kanga viunoni. Uso wake kila mahali, mwingine umetanuka juu ya tumbo la mjamzito, amekaa kama ana mashavu mawili ya ziada. Akashuka. Akatutazama, Naima, akatabasamu kama mtoto aliyeona mama yake karudi sokoni. Nikamwonea huruma, nakuapia. Ilipita haraka.

Nikasoma risala. Niliposema tunaomba radhi kwa kanga, kinamama waliinama. Yeye akadhani wanaona haya. Bi Mkubwa alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika.

Kisha akakata utepe, geti likafunguliwa, akainua mguu. Akaushusha. Akasema, "Mbona kuna tope?"

Hapo tulikosea. Watu wamevuka daraja lile siku tisa za mvua na hatukufikiria kulifuta. Nyayo zimejaa mwanzo hadi mwisho, za kandambili, za miguu mitupu, tairi za baiskeli.

"Mbuzi, Mheshimiwa," nikasema.

"Mbuzi wanavaa kandambili?" Mtendaji huyo, mjinga yule. Nusura nimpige.

Lakini Mheshimiwa wala hakusikia. Alikuwa anatazama viatu vyake vyeupe na anatazama kamera. Akasema lazima aonekane wa kwanza, daraja liwe jipya. Akasema lioshwe.

Tukaliosha. Wanawake tuliofunga, jua la saa saba, tukashuka mtoni na ndoo, tukapanda, tukamwaga, tukasugua kwa mafagio. Tulizifuta nyayo za watoto wetu wenyewe mpaka zege likawa kama halijawahi kukanyagwa. Yeye amekaa kwenye gari, kiyoyozi kinanguruma. Lilipokauka akavuka, amemshika mtoto mkono. Yule mtoto ni yule yule mjukuu wa Bi Mkubwa. Kila akifika katikati anakimbia mbele, ameshazoea, na Anwar anamrudisha: tena, mwanangu, pole pole, kama unaogopa.

Mwalimu Kokuberwa alikuja kwa magongo, mguu kwenye plasta. Diwani alipouona mguu ule aliita kamera. Akamwekea mkono begani akasema, "Huyu ni shahidi wa mateso niliyowaondolea." Mwalimu akamwachia amalize. Kisha akamuuliza, kwa ile sauti yake ya darasani, "Mheshimiwa, samahani. Wakati mimi nabeba watoto, ufunguo ulikuwa wapi?"

Mheshimiwa akaitazama kamera. Matarumbeta yakapigwa. Video imetoka jana, wanasema imependwa na watu wengi. Hapo penye swali pamekatwa.

Mie sikumjibu. Ningeweza, na nimelala nalo kifuani usiku wa pili huu. Mwalimu amekwenda nyumbani akiamini ufunguo alikuwa nao diwani. Nami nimemwacha aamini, kwa sababu yako.

Watoto wanavuka, Naima. Kwa hilo nakushukuru, na simwachii mtu mwingine shukrani hiyo. Lakini amepata kila alichokitaka. Kapata jua, kapata radhi, kapata uso wake, na daraja tumemwoshea. Amesimama pale akatangaza kwamba zahanati iliyojengwa ng'ambo nayo itasubiri siku nzuri. Vitanda viko ndani, nimechungulia dirishani, vimefunikwa nailoni. Mlangoni kuna kufuli mpya na jiwe limefunikwa. Samawati ile ile.

Mjamzito niliyekutajia anatarajia kujifungua baada ya Idi.

Usinitumie ufunguo kwenye kapu la samaki. Sitaki tena kufungua kwa kujificha halafu nioshe.

Shangazi yako,
Tabu


Mbweni
28 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Ameniagiza niandike risala ya wananchi ya zahanati. Nimekaa nayo asubuhi yote. Nimeandika "Aidha" nikaifuta. Karatasi nimeiacha mezani kwake ikiwa tupu, na chini yake barua ya kuacha kazi, mistari miwili. Atasoma barua hiyo akitafuta jina lake.

Kesho nakuja. Kwanza nitavuka daraja nipite kwa Mwalimu Kokuberwa, nimjibu swali lake mbele yako. Akinifukuza nitatoka. Kisha nitakwenda zahanati saa nne, wakati watu wapo, na nitafungua mlango kwa mkono wangu, kwa ufunguo ambao nao nimekabidhiwa mimi, na kufuli nitampelekea mtendaji na jina langu nitamwandikia. Mwambie muuguzi wa kata aje, na yule mama mjamzito kama anaweza kutembea. Kitambaa cha kwenye jiwe mkiache. Kikitaka kuanguka kitaanguka.

Badru anasema kesho kuna mvua kubwa. Kwa mara ya kwanza nadhani anasema kweli. Tutafungua hivyo hivyo.

Naima